Hisa za Josias Zinalala Wapi?

Habari ilimkuta Josias akiwa amemaliza nusu ya kichwa cha mteja. Mlango wa saluni ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, na pale nje, jirani na robot ya kona, yaani taa za barabarani, benchi la Maman Henriette lilikuwa limeshajaa watu wasio na haraka ya kwenda popote. Hardy alikuwa anawasomea habari kwenye simu. Huyu Hardy husoma habari kwa sauti ya mchungaji anayetangaza ndoa, kwa hiyo hakuna mtu wa Albert Park, hapa Durban, ambaye angeweza kudai kwamba hakusikia. Ile kampuni ya udalali wa hisa, ile yenye mabango ya kijana anayeichekea simu yake, imefunga milango. Mkurugenzi haonekani. Serikali imeingia.

Josias akazima mashine. Akamwambia mteja kwamba anarudi sasa hivi, akatoka na kitana mkononi, na yule mteja akabaki anajitazama kwenye kioo, upande mmoja kijana wa mjini, upande wa pili kichaka.

Hapo kijiweni Josias anaitwa Aksyonere, yaani mwenye hisa. Ni jina alilojipa mwenyewe, na ndiyo maana hakuna aliyemhurumia kwa kuitwa hivyo. Kwa muda mrefu alikuwa ananunua hisa za kampuni ya simu kupitia dalali huyo huyo, kidogo kidogo, na kila aliponunua alihakikisha benchi zima limejua. Hiyo ingekuwa shauri yake na ulimi wake. Tatizo ni kwamba siku ile ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi alikuwa anakwenda kutoa mahari ya Gracieuse, mchumba wake. Mjomba wa binti alikuwa ametaka pikipiki ipelekwe Bukavu, kwao Kongo. Josias akasimama mbele ya ukoo mzima, kifua mbele, akasema pikipiki inachakaa lakini hisa zinazaa, kwa hiyo yeye mezani ataweka hisa. Walimpigia makofi siku ile. Sasa makofi hayo alikuwa anayasikia upya, na yalimchoma.

"Soma tena," akamwambia Hardy.

Hardy akasoma tena, na safari hii akaongeza kwamba mkurugenzi ameonekana uwanja wa ndege na masanduku.

"Masanduku umeyasoma wapi?" akauliza Maman Henriette.

"Maman, mutu wa vile anakimbiaka mikono mitupu?"

Hardy ni mtu wa harusi. Viti vya kukodi, suti za kuazima, msemaji wa upande wa bwana harusi, vyote vinapatikana kwake, na ndiyo sababu wanamwita Protokoli. Kuongeza chumvi ni sehemu ya kazi yake. Henriette ndiye mwenye benchi, mwenye chupa za kahawa na mwenye neno la mwisho. Yeye wanamwita Maman Robot, kwa sababu hakuna anayepita mbele yake bila kusimamishwa.

Aliyekuwa wa kwanza kumtuliza Josias ni Deusdedit, Mhaya wa Bukoba anayesoma mambo ya biashara chuoni na kupanga chumba Glenwood. Anashuka Albert Park kila siku kunywa kahawa kwa sababu kahawa ya Glenwood, anasema, inapikwa na watu wanaoiogopa. Jina lake hapo ni Semesta, maana tangu wamjue, semesta yake ya mwisho ni ile ijayo.

"Kaka, kaa chini," Semesta akasema. "Dalali kufa siyo hisa kufa."

Josias akalishika neno hilo kwa mikono miwili. Alitaka kuuliza zaidi, lakini hakuwahi, kwa sababu taxi ilikuwa imesimama ng'ambo na aliyekuwa anashuka, polepole, na kofia yake ya heshima, ni Papa Ladislas wa mtaa wa Sydenham, mjomba wa Gracieuse mwenyewe.

Ladislas wanamwita Mkononi, ila si mbele yake. Yeye huamini kitu kimoja tu duniani, kwamba chako ni kile unachokishika. Haweki pesa benki, hatumii kadi, na kanisani sadaka huiweka mwenyewe mpaka ndani kabisa ya kapu, asije mtu akaibadilisha njiani. Zile hisa alizikubali kwa shingo upande, kwa sababu ya yale makofi. Akavuka barabara bila kuitazama robot, akasalimia benchi, akakataa kukaa.

"Josias. Nimesikia mu taxi. Action zako, zile hisa, zimekimbia."

"Hazijakimbia, papa."

"Ziko wapi?"

Josias akatoa simu, akafungua ile programu ya dalali, akamwonyesha. Kiduara kidogo kikawa kinazunguka katikati ya kioo. Ladislas akavaa miwani, akakitazama kwa subira ambayo Josias aliiombea ife mapema.

"Iko inazunguka tu."

"Inafunguka, papa."

"Hii njo utaweka ku meza samedi? Hii yenye kuzunguka?"

Watu wakacheka, na Josias akacheka nao kidogo, cheko la mtu anayetaka kulia. Ladislas hakucheka. Alisema kwa upole kabisa, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kelele, kwamba Jumamosi wazee wa familia watagusa kila kitu kilichowekwa mezani, kimoja kimoja, ndivyo walivyofanya baba zao. Kama hakuna cha kugusa, basi watakunywa Fanta, wataomba, na Gracieuse atabaki nyumbani. Na kwamba Armel, yule anayeosha magari kule Overport, bado anaulizia hali ya binti kila Jumapili. Armel pikipiki anayo.

Josias alimpenda Gracieuse kwa namna ambayo hakuwahi kulisimulia benchi, yeye ambaye huwasimulia mpaka ndoto. Akamgeukia Semesta kama mtu anavyomgeukia daktari.

"Eleza mzee."

Semesta akajiweka sawa. Alisubiri siku kama hii kwa semesta nyingi.

"Mzee Ladislas, dalali ni mtu wa mlangoni tu. Anapokea maagizo, nunua, uza, basi. Hisa hazilali kwake. Zinalala kwa mtunzaji, benki kubwa, kwenye fungu la wateja, mbali na mali ya dalali na mbali na mali ya benki yenyewe. Na huyo mtunzaji naye hana makaratasi kabatini. Hisa zote ziko kwenye hifadhi kuu ya nchi, kwenye kompyuta. Zikiuzwa leo, zikinunuliwa kesho, haziendi popote. Kinachohama ni jina la mwenyewe."

Ladislas akafikiri.

"Haziendi popote?"

"Haziendi."

"Sasa banauzishaka nini?"

Semesta akafungua mdomo, lakini Henriette alikuwa ameshaipokea hoja na chupa ya kahawa mkononi. Akataka kuhakikisha kama amesikia vizuri. Mtu anatoa jasho lake, ananunua kitu, kitu hakioni, kiko kwa mwingine, na huyo mwingine naye hana, amekiweka kwa mwingine tena, na usiku wote watatu wanalala?

"Wanalala, mama."

"Basi bazungu beko na imani kutushinda. Siye kanisa tunaenda bure."

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kulizuia benchi, maana kila aliyekaa pale alikuwa amewahi kuweka kitu chake kwa mtu. Hardy alimwachia binamu yake sanduku kule Johannesburg, na mara ya pili kuiona suti yake ya harusi ilikuwa kanisani, binamu yumo ndani yake, anatoa ushuhuda. Henriette aliweka friji kwa familia ya mchungaji wakati anahama. Alipoifuata akaambiwa imeshaombewa na kuwekwa wakfu, na kuitoa sasa ingekuwa kumnyang'anya Mungu. Ladislas aliwasikiliza wote, kisha akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa rimoti ya televisheni, nyeusi, vitufe vimefutika kwa kukaa mfukoni.

"Televizyo niliachia shemeji yangu, nikasema nitaifuata kisha mwezi moja. Hii njo ilibakia."

Wakaipitisha rimoti ile kutoka mkono hadi mkono, kwa heshima kama ya msibani. Hata Semesta aliishika.

"Mutu wa kuchunga kitu ya mwenzake na asikule," Ladislas akasema, akiirudisha mfukoni, "uyo Mungu hajamuumba bado."

Semesta akasema ndiyo maana kuna sheria. Mali ya wateja haichanganywi na ya dalali, na dalali akifilisika wanaomdai hawaruhusiwi kuzigusa hisa hizo hata kwa ncha ya kidole. Alisema vizuri sana, na kama angenyamaza pale, Josias angemlipia kahawa mwezi mzima. Lakini elimu haimwachi mtu anyamaze.

"Kuna kitu kimoja tu ambacho kingeua," akaendelea. "Kama dalali alipokea hela na hakununua. Yaani alimwandikia hewa kwenye simu."

Henriette akamimina kahawa bila kumtazama mtu.

"Semesta," Josias akasema, "hilo si ungelianza nalo?"

Wakati huo yule mteja alitoka saluni, shuka ya kunyolea ingali shingoni, kichwa kile nusu kwa nusu, akauliza kwa adabu kama kuna mpango wowote juu yake. Akaambiwa akae, iko matatizo. Akapewa kahawa, akakaa.

Semesta, akitaka kufuta aliyoyasema, akachukua simu ya Hardy ili aisome ile habari mwenyewe. Ikagundulika kwamba Hardy alisoma kichwa cha habari na mistari miwili, akaishia pale palipoanza tangazo la magodoro. Uwanja wa ndege haukuwepo, masanduku hayakuwepo. Mkurugenzi alikuwa ofisini kwa wakili wake. Na chini kabisa, baada ya magodoro, iliwekwa namba ya msimamizi aliyeteuliwa, wateja wapige.

Josias akapiga, akaweka spika. Ukaja muziki, wakausikiliza muda mrefu mpaka mguu wa Henriette ukaanza kucheza wenyewe. Kisha dada mmoja akaitika, Kiingereza safi, na kuuliza namba ya kitambulisho. Josias akaitaja namba ya karatasi yake ya ukimbizi kwa kichwa, bila kupumua, kama kila mtu wa pale anavyoweza kuitaja yake hata akiamshwa usingizini. Dada akabonyeza bonyeza. Josias alisikia kila kitufe.

Yule dada akamwambia kwamba hisa zake hazikuwahi kukaa kwenye kampuni ile hata siku moja. Ziko kwa benki inayozitunza, wameshalinganisha hesabu na hifadhi kuu, na kila mteja amekutwa na chake. Achague dalali mwingine, jina lake litahamishiwa kwenye wateja wa dalali huyo, na kama anataka barua atatumiwa leo kwenye simu.

"So they are mine?" Josias akauliza.

Dada akasema, "Sir, they were always yours."

Josias alikaa kwenye ukingo wa benchi na kitana chake, akashukuru kimoyomoyo kila benki ya dunia hii, hata zile zilizokataa kumfungulia akaunti. Watu wakampiga mabegani. Yule mteja wa nusu kichwa alipiga makofi. Wote wakamgeukia Ladislas.

Ladislas alikuwa anasafisha miwani.

"Sauti ya mwanamuke ku téléphone," akasema. "Hata bibi yangu Huguette ananiambiaka ku téléphone eti chakula iko tayari."

"Papa, si umesikia mwenyewe?"

"Nimesikia. Sijashika. Kitu yenye haushike haiko yako, Josias. Samedi utaniletea kitu ya kushika, ao tutakunywa Fanta."

Josias alimtazama mzee yule na kwa mara ya kwanza akamkasirikia kweli, hasira ya mtu aliyefaulu mtihani na kuambiwa karatasi haikuwa hiyo. Aliyejua la kumjibu ni Henriette, ambaye aliiweka chupa chini, akafuta mikono kwenye kitenge, akaja kusimama mbele ya mgeni wake.

"Papa Ladislas, hapa Durban uko na mbuzi ngapi?"

Mzee akanyooka. Hilo swali alilipenda.

"Ine," akasema, akionyesha vidole vinne.

"Ulishaka kuishika hata moja?"

Hapa ni lazima mbuzi wa Durban waelezwe. Mahari ya Wakongo bila mbuzi si mahari, hata mezani kukiwekwa gari. Lakini watu wanakaa ghorofani, na tangu siku ile mbuzi mmoja alipopanda lifti peke yake mpaka ghorofa ya saba na mlango ukamfungukia bibi mmoja aliyekuwa na moyo dhaifu, kila jengo limebandika marufuku getini. Hardy ndiye aliyepata dawa. Mbuzi akae kwa Baba Mkhize, mzee mmoja Mzulu wa Inanda, nje kidogo ya mji, mwenye zizi. Siku ya mahari msemaji wa bwana harusi anasema, "Na mbuzi," upande wa binti unajibu, "Tumemuona," wanawake wanapiga vigelegele, na Hardy anatoka nje na kumpigia Mkhize simu kwamba mbuzi wa fulani tangu leo ni wa fulani. Hakuna aliyebebeshwa hata unyoya. Mbuzi wa watu wengi sana wanaishi Inanda, wanahama ukoo hadi ukoo bila kuinua kwato, na Ladislas, aliyeozesha wapwa watatu kabla ya Gracieuse na binti yake mmoja wa kumzaa, alikuwa katika Wakongo wa mji ule mtu wa mifugo.

Semesta alisimama, kahawa ikamwagikia suruali.

"Si ndiyo hiyo! Mkhize ndiye hifadhi kuu. Hardy ndiye mtunzaji. Mbuzi haendi popote, jina ndilo linahama. Mzee, wewe umo kwenye mfumo huu miaka yote."

"Mbuzi anapumuaka," Ladislas akasema.

"Ulishaka kumusikia akipumua?" Henriette akauliza.

Mzee akapepesa macho. Akasema mbuzi ni jambo tofauti. Mkhize ni mtu mzima mwenye uso. Hardy naye anajulikana, ni protokoli wa kanisa, alimshika Ladislas mkono siku alipomzika kaka yake. Benki yeye haijui, haijawahi kumzikia mtu. Alisema yote hayo kwa moyo mweupe, na Josias, ambaye sasa akili zilikuwa zimemrudia, akaona mlango umefunguka.

"Sawa, papa. Yangu nimepiga simu mbele ya watu wote. Tupige na ya mbuzi. Kama mbuzi zako ziko, na action zangu ziko. Kama tunakubali moja, tunakubali na ingine."

"Piga, Hardy," Ladislas akasema. "Bafunge midomo."

Ajabu ni kwamba Hardy alikuwa amesimama. Alikumbuka viti vya watu vinavyotakiwa kurudishwa kabla jua halijatua. Simu yake haikuwa na chaji, ingawa ndiyo iliyokuwa inawasomea habari muda wote. Na Mkhize, akadhani, saa hizi atakuwa amelala, wazee wa kule hulala mapema. Jua lilikuwa utosini. Henriette akahamia upande wa barabara, akakizuia kile kipande cha njia kwa mwili wake wote, na siku hiyo kila mtu alielewa jina lake lilitoka wapi.

"Kaa. Piga."

Hardy akapiga. Alianza kwa Kizulu, haraka haraka, kwa sauti ya chini, akitumaini hakuna atakayeshika neno. Alisahau kwamba anayewauzia kahawa madereva wa taxi tangu alfajiri anakijua Kizulu kuliko protokoli yeyote. Henriette akaichukua simu mkononi mwake kwa upole, akaiweka spika, akamwamkia mzee vizuri, akamuulizia afya, mvua na wajukuu, kisha akamuulizia mbuzi.

Baba Mkhize alifurahi kuulizwa. Alikuwa na sauti ya mtu anayeketi peke yake sana. Alieleza kwa kirefu, na Henriette akawa anawatafsiria benchi kipande kwa kipande, bila haraka, kama anayegawa nyama.

"Anasema mbuzi eko muzima. Anasema amezeeka kidogo, meno ya mbele imetoka... Namuuliza mbuzi gani. Anasema mbuzi. Namuuliza, baba, zile zingine? Anasema..." Henriette akasita, akasikiliza, macho yakamtoka. "Anasema kila mwaka Hardy anamuahidi kumuletea mwenzake, na hajaleta. Huyu moja anaikala solo mpaka siku hizi anatembea na imbwa, anajua yeye ni imbwa."

Akamshukuru Baba Mkhize, akakata simu. Magari yalisimama kwenye robot, yakaondoka, yakasimama tena.

"Moja," Ladislas akasema. "Moja kati ya ine zangu?"

"Moja kati ya zote, papa. Za Albert Park yote."

Wote wakamtazama Hardy, na Hardy, lazima asifiwe kwa hili, hakuomba msamaha. Alinyoosha kola ya shati.

"Nani alishakuya kuomba mbuzi yake? Nauliza. Hata siku moja. Munapiga vigelegele, munakula kuku, munaenda kulala. Mbuzi makumi ningezilisha nini, lami? Moja ilitosha. Kila samedi alikuwa na mwenyewe."

"Na makuta, ile pesa ya zile zingine?" Henriette akauliza.

"Iyo ni frais, malipo ya protokoli."

Semesta alitaka kueleza kwamba hilo hasa ndilo jambo ambalo mtunzaji wa hisa amekatazwa, kitu kimoja kuandikwa majina ya watu kumi, na kwamba kuna watu wanalipwa kulinganisha majina na vitu kila jioni. Hakuna aliyekuwa na masikio. Henriette alikuwa ameanza kupiga hesabu ya harusi yake mwenyewe, iliyofanyika hapo hapo mjini, Hardy akiwa msemaji.

"Kwa hiyo yule mwanaume," akasema taratibu, "miaka yote ile namupikia, namufulia, ilikuwa bénévolat, kazi ya bure?"

Yule mteja wa nusu kichwa alikuwa ameoa Desemba. Aliuliza kama amwambie mke wake leo, au asubiri kwanza amalizwe kunyolewa.

Kicheko kilipasuka, na Josias alikuwa wa kwanza. Alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akamwona Ladislas. Mzee alikuwa ameketi, yeye ambaye hakutaka kukaa, mikono yote miwili iko wazi magotini, na kofia ya heshima imekaa upande. Josias akakumbuka kwamba Huguette, mke wa pili wa mzee huyu, naye alitolewa mahari hapa hapa Durban, na kwamba kaka zake Huguette ni wanaume wakubwa, wa Sydenham hiyo hiyo, wanaoamini kwamba wana mbuzi wao. Kama maneno haya yangevuka Overport na kufika kwao, mke naye angechukuliwa, na mzee angebakiwa na rimoti ya pili. Josias alimhurumia, na huruma hiyo ilimshangaza mwenyewe. Akamchukulia kikombe cha kahawa, akamwekea sukari nyingi kama apendavyo, akamshikisha mkononi.

"Papa," akasema kwa sauti ya chini, "samedi niweke nini?"

Ladislas alikunywa. Alikunywa tena. Alipoongea hakumtazama mtu.

"Mbuzi, usiweke."

"Nimeshamulipa Hardy."

"Usiweke nasema. Weka action. Na ule mama ya téléphone, tutamupigia mbele ya familia, tumuweke spika, aseme yale maneno tena. Ile ya mwisho."

"They were always yours?"

"Iyo."

Josias aliinuka akiwa mwepesi kama mtu aliyetua gunia. Alitamani kumpigia Gracieuse, lakini alijua akianza atalia, na mteja alikuwa amemshika kwenye mkono wa shati akimvuta kuelekea mlangoni. Hardy alikuwa ameshaivuka barabara kwenye taa nyekundu, koti likipepea, na Henriette nyuma yake na mwiko wa sukari, akimwambia avuke tu, atarudi, kahawa ya kesho atainywa wapi. Benchi likaanza kupukutika, kila mmoja akienda nyumbani kumtazama mke wake upya.

Akiwa kizingitini, mashine mkononi, Josias aligeuka. Ladislas alikuwa amemshika Semesta kiwiko, amemvuta pembeni, na anaongea naye karibu na sikio.

"Mutoto wangu, ile nyumba kubwa yenye inachungaka ma action. Ukibaeleza muzuri, hawawezi kunipokelea na mbuzi ine?"

"Mzee," Semesta akasema, "hizo mbuzi nne ziko wapi?"

Ladislas akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Haziendi popote. Si weye mwenyewe ulisema ni jina tu njo inahama?"